Jana Ulikula na Nani?

Vijana wangu wa kliniki ya presha,

Siku ya kuniaga mliniomba nizungumze kidogo, halafu kwaya ikaimba nyimbo zote ilizonazo na muda ukaisha. Sikulalamika, waliimba vizuri. Lakini yale niliyokuwa nimeyapanga kichwani bado yapo, na kwa kuwa asubuhi zangu siku hizi hazina tena foleni ya watu mlangoni, nimeona niyaandike. Vyeo sitavigusa. Nilipoanza nilikuwa nesi na nilipomaliza nilikuwa nesi, hapo katikati niliongezewa funguo tu.

Nilifika kituoni kwetu, hapa juu ya Usa River, wakati wa masika. Barabara ya kupandia ilikuwa utelezi mtupu, na mimi mtoto wa Arusha mjini nilikuwa nimevaa viatu vyeupe, kwa sababu chuoni walituambia nesi ni viatu vyeupe. Nilifika vikiwa na rangi ya udongo. Aliyenipokea ni mkuu wa wauguzi, Sista Veronika. Tulimwita Sista ingawa alikuwa na mume na watoto wa kutosha. Alikuwa mama mfupi, mnene, mwenye sauti ya kufika kwenye migomba ya jirani. Alivitazama vile viatu, akanitazama usoni, akasema, "Karibu sana mwanangu. Gambuti zinauzwa pale Usa." Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya kwanza kazini.

Ya pili yalikuwa ya benchi. Sista alinikabidhi kipima presha cha zebaki, kile cha boksi la chuma, ambacho kifuniko chake kilifungwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Nami nikakaa tayari mezani, mrija wa kusikilizia ukiwa masikioni. Mgonjwa wa kwanza alipoingia nikamshika mkono. Sista akanizuia.

"Huyu ametoka wapi?"

"Nyumbani kwake, Sista."

"Amepanda kilima. Ukiwapima watu wakiwa wanahema, utawapa wote presha, hata mchungaji. Mpeleke kwenye benchi akae na wenzake, apige hadithi, moyo utulie. Ndipo umwite. Ukimpima, nyamaza, na yeye anyamaze. Ukimaliza, muulize jana alikula na nani."

Nikadhani ulimi umeteleza. Nikamrekebisha kwa heshima zote: "Alikula nini, Sista."

"Alikula nini utamuuliza baadaye, na chumvi utamkataza. Mimi nimesema na nani."

Nilichukua muda kulielewa swali hilo. Ukimuuliza mtu wa huku mlimani kama ana mawazo, atakujibu hana, Mungu ni mwema, halafu atakuonyesha kisogoni mahali panapouma. Lakini ukimuuliza alikula na nani, anajibu bila kujihami, kwa sababu ni swali la kawaida kabisa. Mmoja atakwambia alikula na wajukuu, wakammwagia mchuzi, na utaona anacheka. Mwingine atasema alikula na mke wake, halafu ataongeza kwamba hata hivyo hawasemeshani tangu wapande kahawa mpya. Hapo sasa una kazi. Sista alinieleza bila maneno ya kitabuni: mtu mwenye jambo linalomsumbua halali, asipolala, presha inapanda na tumbo linakataa chakula, akija kwetu anasema kichwa kinauma, na sisi tusipouliza tunatibu kichwa peke yake.

Zile mashine za betri zilipokuja, Sista alikuwa amekwisha kustaafu. Nilizipokea kwa furaha, maana masikio yangu yalikuwa yamechoka. Zinahesabu zenyewe, zinalia zenyewe, na betri zikikaribia kuisha zinasema uongo bila aibu yoyote, kwa hiyo zichungeni. Boksi la zebaki likafungiwa stoo. Benchi nilikataa lisitolewe, mnakumbuka jinsi nilivyogombana na wale mafundi wa rangi. Swali nikabaki nalo. Watu wakanibatiza Mama Presha, na jina hilo likanifuata mpaka sokoni. Nikipita Usa River kununua nyanya nasikia, "Mama Presha, karibu! Ukinipima bure nakuongezea tatu!"

Sasa niwaambie habari ya Mama Anaeli, maana wengi wenu mnamjua kama yule mama aliyewashangaza siku ya kuniaga, lakini hamjui ilianzia wapi.

Alikuwa wa benchi letu kwa miaka mingi. Mjane, mama wa makamo ya kwenda uzeeni, mcheshi kupita kiasi. Presha yake ilikuwa ya kubembelezwa kwa kidonge kimoja cha asubuhi, na kwenye benchi yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti bila kuchaguliwa. Halafu akaanza kubadilika. Alikuja akiwa amekonda, amenyamaza, anatembelea mkongojo. Mara tumbo, mara mgongo, mara mapigo ya moyo yanamshtua usingizini. Presha ilipanda na kukataa kushuka hata dawa zilipoongezwa. Gauni lake la kitenge lilimning'inia mabegani, na siku hiyo nilipomfunga kitambaa cha mashine mkononi nilikizungusha mara mbili. Niliogopa. Nilikuwa nimeona watu wakienda kwa mwendo ule, na sikutaka aende.

Daktari wetu wa wakati ule, kijana mpole na makini, alimpima kila kitu. Damu, sukari, choo, figo. Akamtuma hospitali ya mjini kwa picha na vipimo tusivyokuwa navyo. Majibu yote yalirudi mazuri, ukiacha presha yenyewe. Daktari aliyasoma mara mbili, akanifuata chumbani kwangu, akafunga mlango.

"Mama, mimi vipimo vyangu nimemaliza," aliniambia. "Sijaona saratani, sijaona kifua kikuu, sijaona vidonda. Lakini huyu mama anaisha. Hebu jaribu na vya kwako."

Nikamwita. Nikampima kimya. Nilipomaliza nikamuuliza, "Mama, jana ulikula na nani?"

"Na televisheni," akajibu.

Mwenzangu aliyekuwa anapanga dawa akacheka. Mama Anaeli hakucheka, nami nikamwambia kesho nitapita kwake kunywa chai.

Kwake ni juu zaidi, ukipita shule, njia ya mfereji. Nilipajua zamani: nyumba ya mbao, jiko la nje lenye moshi, banda la ng'ombe, na kihamba cha kahawa na migomba kimezunguka pande zote. Nilichokikuta ni nyumba mpya ya matofali, vigae vinang'aa, sofa bado zina nailoni. Anaeli, mwanae wa kwanza, ana kazi nzuri Dar es Salaam, na yeye na dada zake walikuwa wamekubaliana kwamba mama yao ametaabika vya kutosha. Wakamjengea. Wakamwekea jiko la gesi. Wakamtafutia dada wa kazi, binti mwenye bidii mno, ambaye alipiga pasi mpaka mashuka. Na ng'ombe wake, Tausi, wakamuuza kwa mfanyabiashara wa mbali, ili mama asihangaike tena na majani. Jambo jema juu ya jema. Majirani walimpongeza mpaka wakachoka.

"Shikamoo mama," nikamsalimu.

"Marahaba mwanangu. Pita, pita. Vua viatu, huku siku hizi hata mimi natembea kama mwizi."

Dada akaleta chai ya maziwa. Mama Anaeli alikuwa na ya rangi. Nikamuuliza mbona yeye hatii maziwa. Akanyanyuka, akanichukua kwa mkono mpaka nje, kwenye banda. Lilikuwa limefagiwa, halina hata unyasi. Ndani kulikuwa na makatoni yamepangwa vizuri. Maziwa ya pakiti. Watoto walikuwa wanayatuma kwa basi kila mara ili mama asikose.

Jamani. Mwanamke wa Kimeru aliyekamua tangu hajaolewa, bandani mwake mmehifadhiwa maziwa ya katoni. Nilijikaza nisicheke, halafu nikamwona usoni, na hamu ya kucheka ikaniisha.

"Angalia," akasema. "Wewe umekuja kwangu leo. Zamani ungeondoka na nini?"

"Na loshoro, mama. Na ndizi juu yake." Loshoro yake ya mahindi na maziwa ya mgando ilikuwa na sifa mpaka Makumira.

"Leo utaondoka mikono mitupu. Mgeni anatoka kwangu kama ametoka ofisini. Na kanisani nimeacha kwenda, umesikia?"

Nilikuwa nimesikia, ila nilidhani ni ugonjwa.

"Wenzangu wanabeba maziwa, wanabeba mayai, mkungu wa ndizi, tunatoka nje unapigwa mnada, watu wanacheka. Chupa yangu ilikuwa inagombaniwa, yaani wanajua kabisa hii ni ya Mama Anaeli. Sasa mimi nabeba bahasha. Anaeli ametuma, naipeleka. Hiyo ni sadaka ya Anaeli. Ya kwangu iko wapi?" Akapangusa macho kwa ncha ya kanga. "Siwezi kuwaambia. Watoto wamejinyima wakanijengea, nikawaambie nini? Kwamba nyumba nzuri inaniua? Wataniona sina shukrani."

Niliulizia na vidonge. Akasema anameza akikumbuka. "Na nikumbukie nini?" akaniuliza.

Wiki ile ile Anaeli akaja kutoka Dar. Alikuwa ameamua kumchukua mama yake akaishi naye moja kwa moja, karibu na hospitali kubwa, nyumba ifungwe. Alipita kituoni kuchukua majibu ya vipimo, na begi la mama lilikuwa tayari kwenye gari. Nilijua akishuka naye mlima huu, kule Dar ghorofani kwake hatamaliza mwaka. Mama yake alikuwa amenisihi nisiseme. Nikasema.

Daktari alimweleza kwanza yale ya vipimo, kwa utaratibu. Halafu nikamwambia mimi: "Baba, mama yako anaumwa upweke. Mmempumzisha mpaka hana cha kuamkia. Kabla hujamhamisha, mrudishie ng'ombe."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. Akasimama. Mwanaume mzima, suruali imenyooka, akakisukuma kiti nyuma.

"Mama, unajua huyu mwanamke amebebaje majani? Unajua? Anashuka mpaka tambarare kule, anapanda na mzigo mgongoni, mvua inanyesha, ana mimba ya mdogo wangu. Mimi nilikuwa namfuata nyuma. Nilimwona anaanguka. Nikaapa moyoni, nikipata kazi, hatabeba tena. Sasa wewe unaniambia nimrudishie mzigo?"

Nilimpenda sana kijana yule kwa dakika hiyo, na nilimwonea huruma.

"Mzigo ubebe wewe," nikamwambia. "Lipa mtu wa kukata majani na kuyafikisha bandani. Mama arudishiwe ng'ombe tu. Kulisha na kukamua vinamtosha."

Akakaa. Akamtazama daktari, kama mtu anayetafuta shahidi.

"Mimi nitaendelea na dawa zake," daktari akasema. "Na nitampima kila akija. Mpeni muda kidogo. Usipoona nafuu, mchukue, sitakuzuia."

Anaeli akauliza kwa sauti ya chini sana, "Kwa nini hakuniambia?"

"Kwa sababu anakupenda," nikamjibu. Akatoka nje kwenda garini, na tulimwona kupitia dirishani akilishusha lile begi.

Kuchagua ng'ombe nilikwenda nao, kwa udadisi tu, sina ujuzi wowote. Mfugaji mmoja wa chini kidogo ya kituo alikuwa na mitamba. Mama Anaeli alishuka kwenye gari akiegemea mkongojo, Anaeli amemshika kiwiko. Alipowaona wale ng'ombe akauchomoa mkono wake. Ule mkongojo ukageuka kuwa wa kuwanyooshea. "Huyu hapana, ana macho ya kiburi. Huyu miguu ya nyuma hapana. Huyu amelishwa na nani akakonda hivi? Mgeuze yule. Mgeuze, nimesema!" Mfugaji alikuwa anakimbia. Tukaondoka na mtamba mwenye mimba, mweusi na mabaka meupe, na mama akamwita Tausi wa Pili kabla hata hajapandishwa kwenye gari.

Msije mkanielewa vibaya, ninyi vijana. Msiandike ng'ombe kwenye kadi ya mgonjwa badala ya vidonge. Mama Anaeli aliendelea na dawa na anaendelea nazo mpaka leo. Kilichobadilika ni kwamba sasa alizimeza. Nilipomuuliza siri yake akanishangaa: "Si ng'ombe ana mimba? Nikianguka nani atamzalisha, yule dada wa pasi?" Analala kwa sababu amechoka uchovu mzuri. Anakula kwa sababu majirani wamerudi jioni, wanafuata maziwa, na mwenye kufuata maziwa haondoki bila kukaa. Presha ikashuka polepole, na tumbo halikutajwa tena. Mkongojo aliuacha kwenye benchi letu siku moja, na alipokumbushwa akasema tumpe mwenye shida.

Nilimuuliza swali langu kama kawaida. "Jana ulikula na nani?"

"We Mama Presha, hao watu niwataje wote? Utafika nyumbani saa ngapi?"

Krismasi iliyofuata wa Dar wakapanda nyumbani, kama mnavyojua, barabara ya Moshi haipitiki kwa magari. Baada ya ibada tukatoka nje kwenye mnada. Mzee wa kanisa akainua chupa ya maziwa, imefunikwa kwa jani la mgomba, na kabla hajasema ni ya nani, watu walishaanza kutaja bei. Anaeli akataja. Akapandiwa dau na mama mmoja wa kwaya. Akataja tena. Na pale mbele, amevaa kitenge kipya kilichomkaa vizuri, mama yake mzazi akapaza sauti: "Mpandishieni huyo, ana hela! Msimwachie!" Watu walicheka mpaka mchungaji akashika mbavu. Anaeli aliishinda ile chupa mwishoni, akaifungua, akainywa pale pale akiwa amesimama, mbele ya kusanyiko zima. Hayakuwa yamechemshwa, na mimi kama mtumishi wa afya niligeuza uso upande wa mlima. Nilipogeuka tena alikuwa na maziwa kwenye masharubu, na machozi, na mama yake anamfuta vyote viwili kwa kanga ile ile.

Sasa nirudi kwenye siku yangu. Mlinipa kiti, na nawashukuru. Ni kiti kizuri, cha kulalia kabisa, kina mpaka cha kuegemeza miguu. Mwenyekiti wa sherehe akasema, "Mama Presha, umehangaika vya kutosha, sasa kaa upumzike," na wote mkapiga makofi. Watoto wangu walipiga makofi kuliko ninyi. Nilikaa kwenye kile kiti kama mlivyoniomba, nikapigwa picha, nikatabasamu.

Ndipo mkasikia vurugu langoni. Ni Mama Anaeli, anavuta kamba, na mwisho wa kamba ndama jike mweusi mwenye mabaka meupe, amegoma kupita kwenye maturubai. Mlinzi anamwambia wanyama hawaruhusiwi kituoni, naye anamwambia anyamaze. Akapita katikati ya viti mpaka mbele. Mshereheshaji akampa kipaza sauti, jambo ambalo hakupaswa kulifanya.

"Mimi sina hotuba," akasema. Akakiangalia kiti changu, akakizunguka, akakibonyeza kwa kidole. "Hiki kitakuua. Simama uchukue mtoto wako."

Nikasimama. Nilichukua kamba nikalia mbele yenu wote, na kwaya, bila kuambiwa na mtu, ikaanza kuimba.

Kiti kiko sebuleni. Paka anakipenda sana. Mimi nakikalia jioni moja moja nikiwa nimechoka, na mara nyingi sikai sana, kwa sababu yule wa bandani akisikia mlango wa mbele umefungwa anaita. Majani analetewa na kijana wa jirani ninayemlipa, mzigo sibebi. Juzi nilikuja kliniki kupimwa presha yangu, mkanikalisha kwenye benchi kama wengine, nikafurahi. Binti mpya aliyenipima, yule ambaye hata jina langu hakuwa analijua, alinyamaza vizuri, akasubiri mashine imalize, akaandika. Halafu akainua macho, akaniuliza kwa adabu zote:

"Mama, jana ulikula na nani?"

Nilimjibu kwa kirefu. Foleni ilinisubiri.